Sura ya Saba: Ndege Anaponyonyoka Manyoya

Kila ndege afugwaye nyumbani, awe kuku, njiwa au kasuku, hufikia wakati ambapo manyoya yake ya zamani hudondoka na mapya huota mahali pake, na badiliko hilo, ambalo katika sura hii linaitwa kunyonyoka, ni sehemu ya kawaida ya maisha ya ndege mwenye afya. Hata hivyo, kwa mfugaji asiyelizoea, dalili zake hufanana na za maradhi, kwa kuwa kuku aliyekuwa akitaga vizuri huacha kutaga, shingo yake hubaki wazi, upanga wake wa kichwani hufifia, na yeye mwenyewe, ambaye jana alikubali kubebwa na mtoto, huanza kukimbia, kupiga kelele na kudonoa mkono unaomkaribia. Ndege wa namna hiyo mara nyingi hupewa dawa asiyoihitaji, huuzwa kwa bei ya kutupa, au hushikwashikwa katika kipindi ambacho kushikwa kunamuumiza kuliko kipindi kingine chochote.

Sura hii inachukua mfano wake katika Chepilat, soko lililo kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Nyamira, katika barabara itokayo Kisii kupitia Keroka kuelekea Sotik na Kericho, mahali ambapo mashamba ya chai yamezunguka maboma na karibu kila boma lina kuku wachache wa kienyeji. Mazingira hayo yana mambo mawili yanayoathiri moja kwa moja matunzo ya ndege anayenyonyoka, yaani ukaribu wa ikweta, unaoondoa majira ambayo vitabu vingi vya ufugaji vya Ulaya na Marekani huyategemea, na baridi ya nyanda za juu, ambayo humkuta ndege akiwa hana nguo yake. Kutokana na mambo hayo, hoja inayoongoza sura hii ni kwamba mfugaji wa Chepilat hawezi kutegemea kalenda kujua wakati wa kunyonyoka, bali hana budi kumsoma ndege mwenyewe, na kwamba ukali wa ndege anaposhikwa ni miongoni mwa alama za kwanza anazopaswa kuzisoma.

Unyoya na gharama yake

Unyoya uliokwisha kukua ni kitu kisicho na uhai, kwa maana kwamba hauna damu wala neva ndani yake, na ukichakaa kwa jua, mvua, vumbi au kupandwa na jogoo, mwili hauna njia ya kuutengeneza isipokuwa kuuangusha na kuotesha mwingine. Umeundwa karibu wote kwa keratini, ambayo ni aina ya protini ngumu inayopatikana pia katika kucha na nywele za binadamu, na keratini hiyo huhitaji kwa wingi asidi za amino zenye salfa, hasa methionini na sisteini, ambazo ni chache katika mahindi na katika nafaka nyingine nyingi wanazotupiwa kuku.

Ukubwa wa gharama hiyo huonekana vizuri kwa hesabu. Kuku jike mwenye uzito wa kilo 2 hubeba manyoya yenye uzito wa gramu 100 hivi, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito huo ni protini, huku yai moja likiwa na protini ya gramu 6 hivi, vazi zima la kuku mmoja hugharimu protini inayokaribia ile iliyomo katika mayai 14. Mwili hauwezi kulipa madeni mawili makubwa ya namna hiyo kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu kuku anayenyonyoka hupunguza kutaga au huacha kabisa kwa muda ambao kwa kawaida ni kati ya miezi miwili na minne, na katika muda huo viungo vya uzazi husinyaa na kupumzika kabla ya msimu mpya wa mayai.

Unyoya mpya huchomoza ukiwa umefungwa ndani ya ala nyembamba yenye ncha, na kwa kuwa ungali unakua, huwa na mshipa wa damu katikati yake, jambo linalowafanya wafugaji wengi wa ndege kuuita unyoya wa damu. Katika hatua hiyo ngozi iliyouzunguka ni nyepesi kuhisi, na mguso ambao siku nyingine ungekuwa wa kawaida huwa maumivu, hasa unapokwenda kinyume na mwelekeo wa manyoya. Unyoya ukikamilika, damu hurudi nyuma, ala hukauka na kupasuka, na ndege huiondoa kwa mdomo wake, na hilo huacha vipande vidogo vyeupe kama mba chini ya fito anazolalia.

Mahali pasipo na majira

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, urefu wa mchana ndio unaomwongoza ndege. Mjini London, kwa mfano, mchana wa Juni huzidi saa 16 na ule wa Desemba hupungua chini ya saa 8, na mchana unapofupika baada ya kiangazi, homoni zinazochochea kutaga hushuka, thairoksini, yaani homoni ya tezi iliyo shingoni, huanza kufanya kazi yake ya kuchochea manyoya mapya, na kuku wengi hunyonyoka karibu kwa pamoja. Chepilat iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote katika mwaka haifiki dakika 10, kwa hiyo ishara hiyo ya jua ni dhaifu mno kuweza kuwaongoza ndege.

Jambo hilo halihusu ndege wa kufugwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa ndege wa Marekani, Alden Miller, alieleza kwamba ndege wadogo wa jamii ya shomoro aliowachunguza katika milima ya Kolombia, karibu na ikweta, walikuwa na vipindi viwili vya kuzaliana katika mwaka, na kwamba kila kipindi kilifuatiwa na kunyonyoka. Pale ambapo mwaka hauna majira ya baridi na joto yaliyotengana, mzunguko wa mwili wenyewe, yaani kuzaa, kulea na kupumzika, ndio unaotawala.

Kwa kuku wa kienyeji mzunguko huo huonekana wazi, kwa sababu wao, tofauti na kuku wa mayai walioondolewa tabia ya kuatamia kwa uteuzi wa vizazi vingi, huatamia mayai yao. Wakati wa kuatamia, homoni iitwayo prolaktini huwa juu, kuku hula kidogo sana kwa muda wa siku 21 na uzito wake hupungua, kisha hulea vifaranga kwa wiki kadhaa, na mara nyingi ni baada ya kazi hiyo, kabla hajarudi kutaga, ndipo manyoya yake huanza kudondoka. Njaa ya ghafla, kuhamishwa banda, kukosa maji kwa siku nzima au hofu ya muda mrefu inayotokana na mbwa au kicheche pia huweza kukatiza utagaji na kuanzisha kunyonyoka. Matokeo yake ni kwamba katika boma moja kuku mmoja anaweza kunyonyoka mwezi wa Machi na mwenzake mwezi wa Oktoba, na mfugaji anayeweka kumbukumbu fupi ya tarehe ambazo kila kuku alianza kutaga, kuatamia na kuachana na vifaranga atakuwa na kalenda inayomfaa kuliko kalenda yoyote iliyochapishwa.

Kutofautisha kunyonyoka na maradhi

Kunyonyoka kwa kawaida kuna mpangilio. Kwa kuku, manyoya huanza kudondoka kichwani na shingoni, kisha kifuani na mwilini, na mwisho mabawani na mkiani, na upande wa kulia hufanana na wa kushoto. Manyoya makubwa ya ncha ya bawa, ambayo kwa kawaida ni 10, hudondoka kwa zamu kuanzia lile lililo katikati ya bawa kuelekea nje, na kila moja huhitaji wiki sita hivi kukua kikamilifu. Njiwa hubadilisha manyoya ya bawa polepole zaidi, katika muda unaoweza kufika nusu mwaka, na ndiyo sababu huendelea kuruka wakati wote. Kasuku naye hubadilisha machache machache, hivyo kasuku mwenye upara kifuani au miguuni hapaswi kuhesabiwa kuwa ananyonyoka tu, kwa sababu yumkini anajing'oa manyoya kutokana na upweke, kuchoshwa na kifungo, au ugonjwa.

Pale ambapo mpangilio huo haupo, sababu nyingine hutafutwa. Mgongo wenye manyoya yaliyokatika, huku shingo ikiwa nzima, huonyesha kwamba jogoo amempanda kuku huyo kupita kiasi. Upara wa mkiani wenye vidonda huonyesha kwamba wenzake wanamdonoa, jambo linaloletwa na msongamano na upungufu wa protini. Ngozi nyekundu yenye ukoko, kuku asiyetulia usiku na madoa mekundu katika nyufa za mbao huonyesha utitiri, wadudu wadogo ambao baadhi yao hujificha mchana na kunyonya damu usiku, kwa hiyo ukaguzi wake hufanywa kwa tochi baada ya giza kuingia.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kideri, ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1926 na kuripotiwa nchini Kenya katika muongo uliofuata, na ambao hadi leo huweza kumaliza kuku wa boma zima kwa siku chache. Kuku mwenye kideri huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, hupooza miguu au hupinda shingo, na wenzake hufa kwa kufuatana, ilhali kuku anayenyonyoka huendelea kula, kunywa na kuparua ardhi, macho yake yakiwa maangavu, na mtu akipuliza manyoya yake huona ncha ndogo za vichipukizi zikichomoza. Kwa kuwa chanjo ya kideri hutengenezwa nchini na taasisi ya serikali iitwayo KEVEVAPI na kuuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, ni busara kuwachanja kuku kabla ya kipindi cha kunyonyoka, ili kipindi hicho kisiongezewe msukosuko mwingine.

Chakula, joto na usafi

Msaada wa kwanza kwa ndege anayenyonyoka ni protini. Kuku wa maboma ya Chepilat hula mahindi, mabaki ya ugali, majani na wadudu wanaowatafuta wenyewe, na chakula hicho humtosha kuku asiye na kazi nzito, lakini hakimtoshi anayeotesha vazi jipya. Omena wakavu kutoka Ziwa Viktoria, wanaouzwa katika masoko ya eneo hilo, ni chanzo bora cha protini yenye methionini, mradi waoshwe mchanga na chumvi, waanikwe tena, wasagwe, na wachanganywe kwa kiasi kidogo katika pumba. Mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, mchwa na kumbikumbi husaidia pia, na mfugaji anayenunua chakula cha dukani atapata faida zaidi katika chakula cha kuku wanaokua kuliko katika kile cha kuku wanaotaga, kwa kuwa hiki cha pili kimeongezwa chokaa nyingi ambayo kuku asiyetaga haihitaji. Upungufu wa chakula katika siku hizi huacha alama ya kudumu, kwa maana unyoya uliokua siku ya njaa huwa na mstari mwembamba dhaifu unaoukata kwa upana, na hapo ndipo utakapovunjika baadaye.

Msaada wa pili ni joto. Mwili wa kuku hudumisha nyuzi joto 41 hivi za Selsiasi, ilhali Chepilat, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi, hasa mwezi wa Julai, na mvua za alasiri zinazoweza kumlowesha ndege asiye na manyoya ya kuyamwaga maji. Banda lenye kuta zinazozuia upepo kwa chini na upenyo wa hewa kwa juu, sakafu yenye maranda makavu, na fito pana za kulalia humwezesha ndege kutumia chakula chake kwa manyoya badala ya kukichoma chote kwa ajili ya joto. Katika maboma mengi kuku hulazwa jikoni karibu na moto wa kuni, na ingawa nia yake ni njema, moshi huo ni hatari, kwa sababu mfumo wa upumuaji wa ndege, wenye mapafu yaliyounganishwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, huvuta hewa kwa ufanisi mkubwa na kwa hiyo huvuta sumu kwa ufanisi ule ule. Kwa mantiki hiyo hiyo, kasuku hapaswi kukaa jikoni penye vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, kwa kuwa vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua kwa dakika chache.

Msaada wa tatu ni usafi wa ngozi. Kuku hujisafisha kwa kujigaragaza katika vumbi kavu, na kwa kuwa ardhi ya Chepilat hulowa kwa sehemu kubwa ya mwaka, inafaa kuwawekea sanduku la udongo laini na jivu lililopoa chini ya paa, likihifadhiwa lisilowe, maana jivu likichanganyika na maji huwa na ukali unaochoma ngozi. Unga wa pareto, zao ambalo limelimwa kwa miongo mingi katika nyanda za juu za Kenya, huua chawa na utitiri, na ni bora kuupaka katika fito na viota kuliko kumloweka ndege mwenye vichipukizi katika dawa ya maji. Dawa za minyoo nazo zitolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa sababu baadhi yake, kama fenbendazoli, zimeonekana kuharibu umbo la manyoya yanayoota kwa njiwa.

Ndege asiyetaka kushikwa

Ugumu wa kumshika ndege anayenyonyoka una chanzo katika mwili wake, na mfugaji anayeuchukulia kuwa ukaidi atautibu kwa nguvu na hivyo kuuzidisha. Ndege ni kiumbe anayewindwa, na kwa asili yake mkono unaomjia kutoka juu ni sawa na mwewe, kwa hiyo hofu hiyo ya kuzaliwa ikiongezewa maumivu ya vichipukizi, ndege hujifunza kwa siku chache tu kwamba binadamu ni chanzo cha maumivu, na somo hilo hubaki hata baada ya manyoya kukamilika. Kanuni ya msingi, basi, ni kumshika kwa dharura tu katika wiki zile ambazo vichipukizi ni vingi, na kuwaeleza watoto, ambao mara nyingi ndio wenye urafiki wa karibu zaidi na kuku wa nyumbani, sababu ya kumwacha kwa muda.

Inapolazimu kumshika, wakati unaofaa ni baada ya jua kutua, ndege akiwa amelala juu ya fito, kwa kuwa kuku haoni vizuri gizani na hutulia. Mshikaji hupitisha kiganja chini ya kifua kwa mwelekeo wa manyoya, hushika miguu kati ya vidole vyake, huweka mkono wa pili juu ya mabawa yaliyokunjwa bila kuyasugua, kisha humwegemeza ubavuni mwake. Kifua hakipaswi kubanwa hata kidogo, kwa sababu ndege hana kiwambo cha misuli kinachotenganisha kifua na tumbo kama alivyo nacho binadamu, naye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, hivyo mkono unaoubana mfupa huo unaweza kumnyima hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, kumning'iniza kuku kichwa chini, jambo linaloonekana kila siku kwenye bodaboda zinazokwenda sokoni, hulifanya tumbo kugandamiza vifuko vya hewa, na Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa pasipo sababu.

Unyoya wa damu ukivunjika, damu inaweza kutoka kwa wingi unaotisha. Mahali panapotoka damu hugandamizwa kwa kitambaa safi pamoja na unga laini wa mahindi kwa dakika kadhaa, ndege hutengwa ili wenzake, ambao huvutiwa na rangi nyekundu, wasimdonoe, na damu isipokoma daktari wa mifugo huitwa, kwa kuwa kuung'oa unyoya huo bila ujuzi kunaweza kuharibu shina lake. Kwa ajili hiyo pia, kukata manyoya ya bawa ili kuku asiruke ua wa majani chai hakufanywi hadi mashina ya manyoya hayo yawe meupe na matupu.

Urafiki hurejeshwa kwa chakula na kwa subira. Mfugaji huanza kwa kuketi chini karibu na ndege bila kumgusa, huweka nafaka mbele yake, kisha katika kiganja kilichotulia, na mguso wa kwanza huwa wa kifuani kutoka mbele, mahali ambapo ndege anauona mkono. Kila hatua huendelea pale tu ambapo ile iliyotangulia haimfanyi akimbie, na njia hiyo hufaa kwa njiwa na kasuku kama inavyofaa kwa kuku. Kuhusu kasuku wa kijivu, inapaswa kukumbukwa kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku waliotolewa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na kwamba Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 humtaka anayefuga ndege wa porini awe na kibali, ambacho husimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo matunzo mema ya ndege wa aina hiyo huanzia katika uhalali wa kuwa naye.

Uamuzi wa mfugaji

Uamuzi mzito zaidi katika kipindi hiki ni ule wa kumuuza au kumbakiza ndege. Wataalamu wa ufugaji wamejua kwa muda mrefu kwamba kuku anayechelewa kunyonyoka na kisha kuyaangusha manyoya yake mengi kwa pamoja ni yule aliyetaga kwa muda mrefu, na kwamba atarudi kutaga mapema, ilhali yule anayeanza mapema na kuyaangusha moja moja hupoteza miezi mingi. Maana yake ni kwamba kuku mwenye sura mbaya kuliko wote uani, ambaye mchuuzi wa Chepilat atamkadiria kwa bei ya chini kabisa, anaweza kuwa ndiye mtagaji bora wa boma hilo, na anayemuuza wiki hiyo hupoteza mayai ya mwaka unaofuata pamoja na vifaranga ambao wangerithi sifa zake. Anayempa omena kidogo, mahali pakavu, na mikono inayojua wakati wa kutomgusa, hurudishiwa gharama hiyo kwa miezi mingi ya mayai, na hubaki na ndege asiyemwogopa.